Ufa kwenye maungio ya mkuku

Swali: Mashua yangu ya tanga ni ya faibaglasi, urefu wa mita 7, na mkuku wake wa chuma, yaani ule uzito wa chini unaoizuia kupinduka, umefungwa kwa bolti. Tulipoipandisha nchi kavu niliona ufa mwembamba pale mkuku unapokutana na tumbo la mashua, upande wa omo (mbele), na kutu inachuruzika. Fundi anasema tuzibe kwa puti, tupige rangi, tuishushe majini. Inatosha?

Jibu: Haitoshi, tena puti itakuzibia ushahidi. Mkuku wa mashua kama hiyo mara nyingi hubeba theluthi ya uzito wote au zaidi, na mashua ikilala ubavu, mzigo huo hushikwa na bolti chache tu. Ufa mkavu huenda ukawa puti ya zamani iliyopasuka, maana chuma na faibaglasi havinyumbuki sawa. Kutu ni jambo jingine: maji yameshaingia kwenye maungio.

Inyanyue mashua kwa mikanda hadi mkuku uachane kidogo na ardhi. Mmoja asukume ncha yake ya chini kulia na kushoto, mwingine awe ndani akitazama nati. Ufa ukipanuka au nati zikicheza, bolti zimelegea ama sakafu ya ndani imechoka. Kagua pia mataruma, yaani mbavu za ndani za mashua, yaliyo nyuma ya mkuku. Mashua ikigonga mwamba, mbele ya mkuku huvutwa chini na nyuma yake husukumwa juu, kwa hiyo ufa wa omo huenda una mwenzake ndani, upande wa tezi (nyuma).

Kisha chomoa bolti iliyo karibu na kutu. Usidanganywe na nati inayong'aa: hata chuma kisichoshika kutu hulika pale maji yanaposimama bila hewa, yaani katikati ya maungio. Ikiwa imekonda hapo, badilisha zote.

Kuufunga upya, shusha mkuku, uparue hadi chuma king'ae, na ukipake epoksi siku hiyo hiyo. Paka gundi ya polisalfaidi kwa wingi, si silikoni. Kaza nati zote kidogo kidogo kwa zamu hadi gundi itokeze pande zote, iache ishike, ndipo umalizie kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, kwa kiwango cha mtengenezaji. Chini ya kila nati weka bamba nene, kwani washa nyembamba huzama kwenye faibaglasi na bolti hulegea tena. Puti na rangi ni za mwisho.