Swali liloe kwanza

Mwanangu Zuhura,

Waalaykum salaam. Sote wazima. Goti linamsumbua bibi yako, lakini pwani bado anashuka.

Umeniuliza tasnifu yako uiandike juu ya mwani au juu ya hoteli za hapa Paje, maana msimamizi wako anataka pendekezo la utafiti kabla ya mwezi kwisha. Siku mbili nalifikiria, na kila mara narudi kwenye ule mstari wako wa mwisho: utagawa dodoso kwa wakulima mia moja, kwa wiki moja. Mia, Zuhura?

Wewe ulikuwa mgongoni kwangu alipokuja mwanafunzi mmoja wa chuo. Maji ya bamvua, yale yanayokupwa mbali, hayamngoji mtu, unajua. Tuna saa tatu nne za kufunga mbegu na kuvuna, kisha bahari inarudi. Akanisimamisha katikati ya vigingi na karatasi zake. "Umeridhika na kipato chako: sana, kiasi, au hujaridhika?" Mkononi nina shada la mwani wa kotonii limegeuka jeupe, linakatika lenyewe kwenye kamba. Kotonii, ile yenye bei kuliko spinosamu, iliyotuezekea nyumba bati! Nikamwonyesha. Akalitazama, akasema hilo halimo kwenye maswali yake. Nikajibu "kiasi" ili aondoke. Maji yakajaa, gunia langu la pili likabaki huko huko. Aliahidi kutuletea kazi yake akimaliza. Mpaka leo.

Baadaye wataalamu wakatwambia bahari imepata joto. Bibi yako, aliyepanda tangu mwani ulipoanza hapa 1989, alikuwa keshaona kwa miguu yake kwamba maji ya mchana yanaunguza. Yule kijana angeuliza tu, "Hili lina nini?", angeondoka na tasnifu nzima. Ndiyo maana siachi kusema: swali liloe kwanza, ndipo liandikwe.

Pengine namwonea. Naye alikuwa na tarehe ya kukusanya, na huenda yale maswali alipewa tu. Na wewe muhula ni mmoja, nauli ya boti anaitafuta baba yako. Basi punguza. Wanawake kumi na wawili wanatosha, uwafuate bamvua mbili, ukae nao wakianika, ndipo uandike hayo malengo na mbinu anazozitaka msimamizi. Na ukichagua hoteli, ni vivyo hivyo: wafagizi wa vyumba wengine ni wenzetu walioacha mwani, waulize kwa nini waliacha. Swali liloe kwanza, hata huko.

Naona naanza kukuchagulia. Mada ni yako, shahada ni yako. Mimi ningekuwa wewe... la, sisemi.

Bamvua ijayo tunavuna kamba za upande wa Jambiani. Viatu vyako vya raba nimevitoa ndani, vipo mlangoni.

Mama yako