Kifusi cha kujazia kiwanja: niliyojifunza baada ya sakafu kutitia

Masika ya pili tangu tuhamie, marumaru za sebuleni zilianza kulia. Ukikanyaga upande wa dirisha la nyuma unasikia mlio mtupu, kama unagonga debe. Haikupita wiki nyingi ukajitokeza ufa, ukakata chumba kutoka ukuta wa jikoni hadi mlango wa baraza, na sakafu ya upande wa chini ikashuka ikaachana na ukuta kiasi cha kidole kupita. Kuta zenyewe zilikuwa nzima. Fundi niliyemwita akachukua sarafu ya shilingi mia, akagonga marumaru moja baada ya nyingine kufuata ule ufa, kisha akaniuliza, "Mama, hapa mlijaza?"

Tulijaza. Tumejenga Goba, Dar es Salaam, kwenye vile vilima ambako kiwanja kinaanzia juu barabarani na kuishia chini kwenye korongo. Ili nyumba ikae sawa tulinunua kifusi cha kuinua upande wa chini. Msingi ulishuka mpaka kwenye ardhi ya asili, ndiyo maana kuta hazikuguswa. Sakafu ndiyo iliyoumia: nusu ya juu jamvi, yaani zege la sakafu, lilikaa kwenye ardhi iliyokuwepo tangu enzi, nusu ya chini likakaa juu ya udongo unaofikia kina cha mita moja na ushee, uliomwagwa kwa siku mbili na kusawazishwa kwa makoleo. Ufa ulipita palepale ardhi ilipoishia na kifusi kilipoanzia.

Siku tulipokuwa tunajaza nilimuuliza fundi aliyetujengea kuhusu kushindilia. Akanijibu jibu ambalo bila shaka na wewe umewahi kulisikia: "Iache tu mama, mvua itashindilia." Nilimwamini, kwa sababu kila mtu mtaani alisema hivyohivyo. Leo naliona neno hilo kuwa ndilo limenigharimu kuliko lolote nililoambiwa katika ujenzi. Ni kweli mchanga mtupu ukilowa hushuka kidogo. Lakini kifusi cha kawaida huja na mabonge, na katikati ya mabonge kuna nafasi. Mvua inalowesha juu, chini mabonge yanabaki yameegemeana. Kisha unamwaga jamvi, na hapo mvua haifiki tena chini ya nyumba. Maji yanaingia baadaye, kwa kupenya kutoka upande wa mlima au kwenye bomba linalovuja, mabonge yanalainika, yanaporomoka ndani ya zile nafasi, na sakafu inabaki inaning'inia.

Kwa hiyo tulivunja. Tulitoa marumaru, tukavunja jamvi la nusu ya sebule na jiko lote, tukachota kifusi chetu wenyewe kwa ndoo kupitia mlangoni, tukakirudisha upya. Gharama ilizidi mara kadhaa kile tulichodhani tumeokoa kwa kutokodi mashine. Yanayofuata ndiyo niliyojifunza: mengine niliyafanya mara ya pili, mengine nilimfanyisha mdogo wangu alipoanza kujenga Chanika.

Kwanza, usinunue kabla hujaangalia ulicho nacho. Kama kiwanja kina mteremko, udongo wa upande wa juu ndio kifusi chako cha kwanza: unakata juu, unajaza chini, unapunguza tripu. Ila kabla ya kukata au kujaza, kwangua ile sentimita 15 ya juu yenye majani na mizizi, uirundike pembeni. Ukiifukia, mizizi inaoza na pale ilipokuwa panabonyea. Isitoshe ni udongo mzuri, utaurudisha juu kabisa mwishoni ili upate kupanda mchicha na migomba.

Kisha piga hesabu mwenyewe. Sehemu yetu ya chini ilikuwa mita 18 kwa 10. Kina kilianzia sifuri pale tulipokutana na ardhi hadi mita 1.2 ukingoni, yaani wastani wa mita 0.6. Hizo ni mita za ujazo 108. Udongo ukichimbwa hufura, na ukishindiliwa hushuka, kwa hiyo nikaongeza robo: 135. Sanduku la Fuso lililokuwa linaniletea nililipima kwa futi kamba, likatoa mita za ujazo tano na kidogo. Tripu 27. Mara ya kwanza fundi alikisia kwa macho akasema 20 zinatosha, tukanunua 20, na nakumbuka nilifurahi kuona zimefika juu kabisa. Nilipaswa kuogopa. Tripu 20 kuijaza nafasi ya 27 maana yake kama robo ya nilichokuwa nakiona ni hewa.

Kuhusu kuchagua udongo, mimi sasa sinunui kwa simu. Naenda shimoni unakochimbwa, hata kama ni kupanda daladala mbili na bodaboda. Dereva atakwambia "dada, huu ni udongo safi", na huenda anasema kweli kwa anavyojua yeye, lakini kazi yake ni kubeba. Ninaoutaka ni mwekundu au wa kahawia wenye mchanga mwingi na ufinyanzi (udongo unaonata) kiasi, au moramu, ule udongo wenye changarawe wa kutengenezea barabara, ikipatikana. Ninaoukataa ni udongo mweusi wa mabondeni, ule unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kwenye viatu masika. Unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, kila mwaka, na hakuna jamvi la nyumba ya kawaida linaloweza kuvumilia mchezo huo.

Nikiwa na shaka naweka udongo robo ya chupa ya plastiki yenye ukubwa wa lita moja na nusu, najaza maji, natikisa sana, naacha. Mchanga unazama ndani ya dakika moja au mbili. Udongo laini unafuata kwa saa kadhaa. Ufinyanzi unabaki umechafua maji hata kesho yake. Kama tabaka la mchanga chini ndilo nene kuliko yote, nauchukua. Kama maji ya kesho bado ni uji, naondoka.

Kuna kifusi kingine, kile cha nyumba zilizobomolewa, na mara nyingi unapewa kwa bei ya usafiri tu. Vipande vya tofali na zege vinafaa chini kwenye shimo la kina nje ya nyumba, vikivunjwa vidogo na kuchanganywa na udongo wa kuziba nafasi. Tatizo ni vinavyokuja navyo: mifuko, vioo, misumari, na mbao. Mbao iliyofukiwa karibu na msingi inaita mchwa, na wakishamaliza hiyo wanapanda kwenye fremu za milango. Ukichukua kifusi hicho, weka vijana wa kukichambua kabla hakijasambazwa.

Na tafadhali usinunue udongo uliochotwa kwenye kingo za mito. Uchimbaji wa mchanga katika mito kama Mpiji, Tegeta na Mbezi umekula kingo, na mito imekuwa ikitanuka kuelekea kwenye nyumba za watu. Kiwanja chako hakiwezi kuinuliwa kwa kuangusha cha mwenzako.

Siku ya kupokea tripu, uwepo. Kubalianeni bei kwa tripu ya sanduku mlilolipima, lililojaa hadi ukingoni. Nilikuwa na daftari, naandika namba ya gari na saa kila linapomwaga, na malipo yanafuata daftari. Usikubali gari linalokuja usiku. Tena usiruhusu lori limwage lundo moja kubwa mlangoni kwa sababu tu dereva ana haraka. Tripu ya mita za ujazo tano, ikisambazwa unene wa sentimita 20, inatosha eneo la mita 5 kwa 5. Kwa mdogo wangu niliweka vijiti kila mita tano, kila lori likamwaga kwenye kijiti chake. Vibarua walimaliza kusambaza kabla ya saa sita, kazi ambayo kwangu mara ya kwanza ilichukua siku nzima.

Sasa kushindilia, na hapa ndipo nakuomba usikubali kubembelezwa na mtu yeyote. Unamwaga tabaka la sentimita 15 hadi 20, unasawazisha, unamwagia maji, unashindilia mpaka pamekaza, ndipo unaweka tabaka lingine. Kama kina ni mita moja, hayo ni matabaka matano hadi saba, si moja. Mashine ndogo za kukodi, hata ile inayorukaruka, nguvu yake haishuki sana kupita unene wa tabaka moja. Ukimwaga mita nzima halafu ukapitisha mashine juu, unapata ganda gumu lililofunika udongo mlegevu, na ganda hilo linadanganya kila anayelikanyaga.

Maji nayo yana kipimo. Chukua udongo mkononi, ufinye. Ukisambaratika ukifungua kiganja, bado ni mkavu, ongeza. Ukitoa maji au ukichafua kiganja chote, umezidisha, ngoja jua. Ukishika umbo, na ukiudondosha ukavunjika vipande vichache, hapo shindilia. Mimi nilipima hivyo kila tabaka na vibarua wakazoea, mwisho wakawa wananiletea bonge wenyewe. Kupima kama tabaka limekaza, nilichukua nondo ya milimita 12 nikaisukuma kwa uzito wangu. Ikizama kwa urahisi, mashine inarudi. Pembeni mwa kuta na kwenye kona mashine haifiki vizuri, na ndiko sakafu hutitia kwanza, kwa hiyo weka mtu mwenye gogo zito la mpini apige kwa mkono.

Nje ya nyumba kazi ni kuelekeza maji. Ardhi iteremke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita tatu za kwanza. Tulivuta kamba na kutumia mpira wa bomba unaoonyesha ndani, uliojaa maji, kupata usawa, hauhitaji zaidi ya hapo. Usiruhusu udongo upande hadi usawa wa sakafu: acha angalau sentimita 15 za msingi zionekane, la sivyo unyevu unaingia ukutani na rangi inabanduka kila mwaka. Mfuniko wa chemba ya maji taka upandishe pamoja na ardhi, usiufukie. Na kama una mwembe unaoupenda, usirundike udongo kwenye shina lake. Mizizi inakosa hewa, na mti unaweza kuchukua mwaka au miwili kukuonyesha kwamba umeshauua.

Ukuta wa fensi wa tofali za inchi 6 haukujengwa kuzuia udongo. Nimeona watu wanajaza mpaka nusu ya fensi, mvua ikinyesha udongo unakuwa mzito, ukuta unalala upande wa jirani. Unapotaka kuinua zaidi ya nusu mita ukingoni, jenga ukuta wa kuzuia udongo kwa mawe, na mtafute mhandisi kama ni mrefu zaidi ya mita moja. Uachiwe matundu ya mabomba chini, maji yatoke.

Jirani wa chini yangu nilimwendea kabla ya tripu ya kwanza, mimi na mjumbe. Ukiinua kiwanja chako, maji yaliyokuwa yanapita kwako yanatafuta njia mpya, na njia hiyo ni kwake. Tulichimba mfereji mpakani kwa gharama yangu hadi korongoni. Kwa wanaonunua viwanja mabondeni wakitegemea kifusi kitawaokoa: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande. Hakuna idadi ya tripu inayoshinda mto unaorudi kwenye njia yake.

Kama tayari umejenga na unaanza kuwa na wasiwasi, gonga sakafu yako yote kwa sarafu usiku kukiwa kimya, na uchore kwa chaki kila panapolia. Kagua mabomba kabla hujavunja chochote: funga kila koki, angalia mita ya maji, kisha iangalie tena asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna maji yanayoendelea kulainisha udongo wako, na ukijaza upya bila kuziba hapo utavunja tena mwakani. Weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili za ufa. Ukiona umerefuka ndani ya masika moja, ita fundi kabla ya vuli.