Maswali na majibu: Fundi bomba, vifaa vyake na hela yako

Maswali ya safari hii karibu yote yanamhusu fundi bomba: kumpata, kumlipa, na kumkagua kabla hajafukia kazi. Tumejibu yale yanayojirudia.

Mtaani kwetu kila mtu ana fundi bomba wake na kila mmoja anamsifia. Nitamjuaje anayeijua kazi? (Msomaji, Kimara)

Omba kuona kazi yake ya zamani. Bomba likiwa jipya kila kazi inapendeza. Kazi inayosema kweli ni ile iliyokaa mwaka mmoja au zaidi. Akupeleke kwenye nyumba mbili alizofanya mwaka jana au juzi. Ukifika, achana na marumaru na koki zinazong'aa. Inama uangalie chini ya sinki kama pana alama ya maji. Funua chemba za nje uone kama maji taka yanapita au yametuama. Halafu muulize mwenye nyumba: ulipompigia kwa tatizo dogo wakati umeshamaliza kumlipa, alikuja?

Cheti cha VETA ni kitu kizuri, kiulizie. Ila wapo waliojifunza kazini chini ya fundi mwingine na mikono yao ni safi kabisa, kwa hiyo usimfukuze mtu kwa kukosa karatasi. Begi lake la kazi linaeleza mengi zaidi. Awe na pimamaji, mkasi wa kukatia mabomba ya PPR (ya plastiki, yanayounganishwa kwa kuchomwa), mashine ya kuchomea yenye vichwa vya saizi mbalimbali, na spana mbili za bomba. Mbili, si moja: moja inashikilia, nyingine inazungusha. Mwenye spana moja akikaza koki, kiungo kilichomo ukutani nacho kinageuka kidogo, na uvujaji unaanzia hapo.

Mpe na swali la mtihani: bomba la choo la inchi 4 unaliwekea mteremko gani? Jibu tunalolitaka ni kama sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Akisema "kadiri ukiwa mkali ndiyo vizuri", bado hajaiva. Mteremko ukizidi, maji hukimbia mbele na kuuacha uchafu nyuma.

Muuza hadwea naye atakutajia fundi. Huenda ni mzuri, lakini kumbuka wawili hao wanafanya biashara pamoja.

Nimpe fundi hela akanunue vifaa au ninunue mwenyewe? (Msomaji, Mbagala)

Nunua mwenyewe, kwa orodha yake, na ikiwezekana mwende wote. Ukimpa hela mkononi unafungua mlango wa cha juu, na hata fundi mwaminifu utaishia kumshuku bure. Mtangulie dukani siku moja kabla, uulize bei kwenye maduka mawili, kisha mrudi pamoja. Risiti ya EFD ichukue wewe.

Orodha lazima iwe na saizi na idadi. "Bomba, elbo na gundi" si orodha. PPR ya milimita 20 ndiyo mafundi wanayoiita nusu inchi, ya 25 ni robo tatu, ya 32 ni inchi moja. Kipande kimoja cha PPR kina urefu wa mita 4, kwa hiyo njia ya mita 10 inataka vipande vitatu na mita mbili zinabaki. Ukiona ameandika sita, mwombe akuonyeshe vinakokwenda. Elbo na soketi moja moja za akiba ni halali yake, kwa sababu kiungo cha PPR kikishachomwa vibaya hakirekebishiki, kinakatwa na kutupwa.

Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa bomba. PN ni daraja la presha. Kwa maji ya moto chukua PN20, ambalo kwa saizi ya milimita 20 lina ukuta wa milimita 3.4. Kwa maji baridi PN16 linatosha. Kwenye vipande vya kuunganishia koki, vyenye meno ya shaba ndani, usibane matumizi: vile vyepesi meno yake hulegea kwenye plastiki, na kukibadilisha ukutani ni kupiga tindo kwenye marumaru. Kwenye kifuniko cha choo bana utakavyo.

Muulize muuzaji mapema kama anapokea vilivyobaki.

Fundi anataka nusu ya ufundi kabla hajagusa chochote. Ni sawa? (Msomaji, Tegeta)

Kazi ya siku moja, hapana. Vifaa umenunua wewe, mtaji wake hapo ni nauli. Mpe nauli, na ufundi alipwe maji yakishapita na ukakagua.

Kazi ya siku nyingi ni jambo jingine, maana anakula na ana saidia fundi wa kumlipa. Igawe kwa hatua zinazoonekana, usiigawe kwa siku. Sehemu ya kwanza ilipwe mabomba yote yakishalala na kupimwa presha kabla ya lipu. Ya pili, vyoo, masinki na koki vikishafungwa. Bakiza asilimia 10 kwa mwezi mmoja wa matumizi. Yote hayo yaandikwe kwenye karatasi moja pamoja na bei ya jumla, muda wa kumaliza, na nani analipia akivunja marumaru. Mwambatanishe nakala za vitambulisho vya NIDA na kusaini mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi anayekataa kuandikishana kwa kazi ya nyumba nzima, mshukuru aende.

Nyumba haina miezi sita na ukuta wa bafu umeanza kulowa. Fundi anasema bomba lilikuwa feki. Inawezekana? (Msomaji, Kigamboni)

Inawezekana, lakini tungeanza kukishuku kiungo. Bomba lenyewe hupasuka mara chache. Viungo ndivyo vinavyoachia, na chanzo ni namna vilivyochomwa.

Mashine ya PPR inatakiwa ifike nyuzi joto 260. Bomba na kiungo vinaingizwa kwa wakati mmoja: sekunde 5 kwa milimita 20, sekunde 7 kwa 25, sekunde 8 kwa 32. Vinatolewa, vinasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, vinashikiliwa kidogo, kisha vinaachwa vipoe dakika 2 hadi 4 bila kuguswa. Kikichomwa pungufu, kinashika kwa juu juu. Kikizidishwa, plastiki hujikunja ndani na kuziba njia, ndipo unasikia "shawa ya juu haina maji" katika nyumba mpya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fundi mwenye haraka huendelea na mashine inayopoa, na viungo viwili vitatu vya mwisho vinakuwa bomu la kusubiri. Kiungo kizuri kina pete mbili nyembamba za plastiki, zilizolingana, kuzunguka bomba lote. Hizo unaziona mwenyewe kabla ya lipu.

Sababu nyingine ni tepu, ile nyeupe ya kuzungushia kwenye meno ya koki. Tepu nyembamba inataka kuzungushwa si chini ya mara 10, kwa kufuata upande wa kukazia. Kiungo kikishakazwa hakirudishwi nyuma hata robo mzunguko ili koki ikae wima. Ukirudisha, umeifumua. Kinachofanyika ni kufungua, kufunga tepu upya na kukaza hadi ifike pale inapotakiwa.

Yote hayo yangejitokeza kwenye kipimo cha presha, na nadhani hakikufanyika. Ncha zote huzibwa kwa plagi, hita na koki zikiwa bado hazijafungwa. Bomba linajazwa maji, hewa inatolewa, halafu pampu ya mkono yenye saa ya presha inapandisha hadi bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Nusu saa ya kwanza mshale utashuka kidogo kwa kuwa plastiki hutanuka, inapandishwa tena. Saa moja inayofuata haitakiwi kushuka zaidi ya nusu bar. Kujaza maji kutoka kwenye simtanki na kusema "mbona havuji" hakupimi chochote, maana tangi lililo mita 4 juu linatoa bar 0.4 tu. Kiungo dhaifu kitaivumilia hiyo, kisha kitaachia usiku ule maji ya bomba la mtaa yanapokuja kwa nguvu kwa sababu watumiaji wamelala.

Kwako sasa: kabla hajavunja ukuta wote, funga valvu ya maji ya moto peke yake kwa siku moja, kesho yake ya baridi. Upande ambao ukifungwa unyevu unapungua ndio wa kufukua. Na kama unyevu unaongezeka mnapooga tu, pengine mabomba ya maji safi hayahusiki. Mara nyingi ni bomba la kutolea maji au maungio ya marumaru.

Bili imepanda mara tatu na hakuna panapovuja. Nimwite fundi au DAWASA? (Msomaji, Tabata)

Pima kwanza, ni nusu saa. Yuniti moja ni lita 1,000, na tarakimu nyekundu kwenye mita zinahesabu sehemu ndogo za yuniti. Funga koki zote pamoja na valvu inayoingiza maji kwenye simtanki, andika namba, usitumie maji kwa dakika 30. Namba zikisogea, bomba kati ya mita na tangi linavuja chini ya ardhi, na hapo fundi ana pa kuchimba. Zisiposogea, fungua valvu ya tangi likiwa limejaa. Zikianza kusogea, boya halifungi na maji yanatoka kwa bomba la kumwagikia, ambalo mara nyingi limeelekezwa nyuma ya nyumba ambako hapafiki mtu.

Vikiwa sawa hivyo, angalia vyoo. Mimina juisi ya unga yenye rangi kwenye tanki la choo, usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini imekwisha, nayo ni kifaa cha bei ndogo. Usiidharau: choo kinachovujisha lita moja kwa dakika kinapoteza yuniti 43 kwa mwezi. Koki inayodondosha tone kila sekunde haifikishi hata yuniti moja, kwa hiyo fundi akikuambia bili ile imeletwa na koki ya jikoni, hajapiga hesabu.

Mamlaka ya maji iite kama uvujaji uko kabla ya mita, au mita inazunguka wakati valvu iliyo mara baada yake imefungwa. Mita yenyewe asiiguse fundi wako.

Shawa inatoa maji kama mkojo wa kuku. Fundi anasema ninunue pampu. (Msomaji, Sinza)

Pengine ana haki, ila kuna vitu vya bure vya kuangalia kwanza. Fungua kichwa cha shawa na kichujio chake. Maji ya kisima yenye chumvi huziba vitundu vyote. Hakikisha valvu ya tangi imefunguliwa hadi mwisho. Kisha angalia bomba linalotoka kwenye tangi: likiwa la milimita 20 na linalisha nyumba nzima, pampu itasumbuka bure. Litoke na 32, ligawanyike baadaye.

Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye shawa ni bar 0.1. Tangi likiwa mita moja na nusu juu ya shawa, hakuna fundi atakayekupa mvua ya hoteli bila pampu.

Bafu la wageni linanuka ingawa ni safi. (Msomaji, Kibaha)

Halitumiki, kwa hiyo maji ya kwenye trapu (kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia harufu) yamekauka na hewa ya shimo inapanda. Mwaga lita mbili za maji, ongeza kijiko cha mafuta ya kula yachelewe kukauka. Harufu ikirudi ndani ya siku mbili na unasikia kugugumia choo kikiflashiwa, bomba la hewa halipo au limeziba. Hapo mwite fundi, na umwambie hivyo hivyo.

Mpangaji akiita fundi, nani analipa? (Msomaji, Mbezi)

Someni mkataba wenu. Mkataba usiposema kitu, mazoea ya wengi ni kwamba vilivyo ndani ya ukuta na ardhini ni vya mwenye nyumba, na ulichovunja wewe ni chako. Mpigie mwenye nyumba kabla fundi hajaanza, mtumie picha na bei. Bomba likipasuka usiku usisubiri ruhusa: funga valvu ya tangi na ya mita, zima swichi ya hita, kisha piga simu. Valvu hizo uwe umezijaribu mchana. Ambayo haijaguswa miaka mingi hukwama, na ukiilazimisha gizani inakatika shingo.