Nape ni kitambaa cha meza

Ukikutana na neno nape kwenye vitabu vya jiolojia, yaani elimu ya miamba, usidhani ni jina la mtu au la mlima. Nape (Wafaransa huandika nappe) ni neno la kawaida kabisa la Kifaransa, kitambaa cha meza. Sukuma kitambaa kwa kiganja kutoka upande mmoja wa meza uone: kinajikunja, mkunjo unainuka, unalala, kisha unapanda juu ya sehemu iliyo mbele yake. Miamba nayo hufanya hivyo mabara yanapogongana, ila huko tandiko zima la miamba husogea kilomita nyingi kutoka lilipokuwa, na tandiko hilo ndilo nape. Wajerumani huliita Decke, yaani blanketi.

Mfano maarufu uko Glarus, Uswisi. Miamba ya miaka milioni 250 hadi 300 imelala juu ya ile ya miaka milioni 35 hadi 50, babu kabebwa na mjukuu! Mwanzoni wataalamu walidai ni mikunjo miwili iliyoelekeana. Mwaka 1884 Mfaransa Marcel Bertrand akasema ni tandiko moja tu lililosukumwa, na ndiye aliyekuwa sahihi.

Ila si kila nape ni mkunjo. Nyingine ni miamba iliyokatika kwenye ufa ikateleza bila kujikunja sana. Na ukilikuta neno hilo kwenye vitabu vya mabwawa, ni lile pazia la maji linalomwagika juu ya ukingo. Asili ni ileile, Kilatini mappa, ambayo ndiyo iliyowapa Waingereza neno lao la ramani.