DVD ya Debian kwa shule isiyo na intaneti: yaliyonikuta Newala

Mkuu, umesema una kompyuta 18 za msaada, shule haina intaneti, na unataka DVD moja ya Linux yenye kila kitu ndani. Kazi kama hiyo niliifanya kwenye sekondari moja huko Newala, kompyuta 14, diski nikiitengenezea nyumbani Mtwara mjini.

Anza na mashine zenyewe. Zikiwa za biti 32, kama nyingi za kwangu, Debian 13 (Debian ni aina ya Linux ninayotumia) achana nayo, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Chukua Debian 12. Na kwa RAM ya GB 1 usijidanganye na GNOME, mazingira ya skrini yaliyo mazito, weka Xfce iliyo nyepesi.

Mimi natumia live-build, zana ya kutengenezea DVD yako ya Debian. Fungua folda tupu, andika (bookworm ni Debian 12, i386 ni biti 32):

lb config -d bookworm -a i386 --debian-installer live --archive-areas "main contrib non-free-firmware"

Halafu ndani ya config/package-lists weka faili, tuseme shule.list.chroot, uorodheshe vifurushi vya programu: task-xfce-desktop, libreoffice, gcompris-qt, firefox-esr. Kisha sudo lb build, ukanywe chai. Picha (faili la ISO la kuchoma kwenye DVD) ikitoka, angalia isizidi GB 4.7, ndiyo mwisho wa DVD ya kawaida.

Angalizo la bando: vifurushi vya programu vikishashuka vinakaa kwenye folda ya cache, na lb clean ya kawaida haiigusi. Ukiongeza --purge inafagia vyote. Mimi niliiongeza usiku wa manane nikidhani nasafisha vizuri zaidi. Bando la wiki nzima likaenda na maji.

Sasa preseed, ndipo penye mtego. Hili ni faili la majibu, linakaa config/includes.installer/preseed.cfg, ili kisakinishi kisikuulize maswali yale yale mara 18. Nilijibu yote, mpaka ile mistari ya partman (sehemu ya kisakinishi inayogawa diski) yenye confirm inayoruhusu diski kufutwa na kugawanywa. Kule maabara mambo yalikuwa matamu: unaingiza DVD, unachagua kusakinisha, unahamia mashine nyingine. Siku ya pili kijana aliyekuwa ananisaidia akaichukua DVD, akaiweka kwenye kompyuta ya mwalimu wa taaluma "aone tu inavyofanana". Akachagua kusakinisha, akiamini itamuuliza kabla ya kufanya lolote. Haikuuliza. Tulipofika, mstari wa asilimia ulikuwa umeshavuka nusu, na matokeo ya muhula ya kidato cha tatu yalikuwa humo, hayana nakala. Mwalimu hakufoka. Alivuta droo, akatoa rundo la karatasi za alama, akaniuliza, "Unaandika haraka?" Niliziingiza upya kwa siku mbili.

Kosa la kijana lilikuwa dogo, la kwangu ndilo kubwa. Siku hizi preseed yangu inajibu lugha, kibodi, saa za Africa/Dar_es_Salaam, na apt-setup/use_mirror nimeiweka false ili isihangaike kutafuta mtandao. Swali la diski nimeliacha liulizwe. Kila mashine inanidai dakika moja ya kusimama mbele yake, na naitoa bila kinyongo.

Kabla ya kuchoma, jaribu ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako, ukiwa umezima kabisa mtandao wa hiyo mashine. Kwangu ndiko nilikogundua kifurushi kimoja nilikisahau. Choma kwa spidi ndogo, zile DVD za bei chee zinakataa kusomeka kwenye draivu za zamani.

Tuma hapa aina ya kompyuta zako na RAM, nikuwekee preseed yangu uirekebishe.