Kabla Hujaongeza Boli Klei Kwenye Udongo Wako

Vikombe vyangu 12 vya kwanza vya udongo mweupe vilipasuka vyote, na vyote vilipasuka upande uliokuwa ukielekea mlangoni. Ulikuwa msimu wa kaskazi hapa Bagamoyo, upepo mkavu ukiingia karakanani tangu asubuhi, nami nilikuwa nimetia boli klei sehemu 60 katika 100 kwa kuamini kwamba udongo unaofinyangika kwa urahisi zaidi ndio ulio bora. Nyufa zilianzia ukingoni, nyembamba kama unywele, zikashuka hadi karibu na kitako.

Boli klei ni udongo laini mno uliosombwa na maji zamani za kale ukatuama mabondeni pamoja na mabaki ya mimea. Machimbo yake mashuhuri yako Devon na Dorset nchini Uingereza, na pia Kentucky na Tennessee nchini Marekani. Mabaki hayo huupa rangi ya kijivu, pengine nyeusi kabisa, lakini huungua tanuruni na chombo hutoka na weupe wa maziwa. Chembe zake ndogo hubeba maji mengi na kuteleza zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana hunata, husimama vizuri kwenye gurudumu, na chombo kibichi kikishakauka hakivunjiki ovyo kinaposhikwa. Kaolini, aina nyingine ya udongo mweupe kama ile ya vilima vya Pugu, ni nyeupe kuliko huo, ila peke yake hukatikakatika mkononi. Maji yale yale yanayoulainisha udongo ndiyo yanayouponza, kwani yanapotoka chombo husinyaa sana.

Kwa hiyo nakusihi uanze na mafungu sawa: boli klei 25, kaolini 25, feldspa (unga wa jiwe linaloyeyuka motoni) 25 na kwatzi (unga wa jiwe gumu la silika) 25, kwa tanuru linalofika nyuzi joto 1,280 hivi. Kisha tengeneza ukanda wa udongo huo, uchore mstari wa sentimita 10, uukaushe na kuuchoma. Mstari ukibaki sentimita 8.8, udongo wako umesinyaa kwa asilimia 12, na utajua kikombe ukifinyange kwa ukubwa gani. Vyombo vifunike kwa nailoni siku mbili za mwanzo, mbali na mlango, na uvigeuze. Moto nao upandishe polepole, maana ukiharakisha, mabaki ya mimea hayapati nafasi ya kuungua na moyo wa chombo hubaki mweusi. Unga mkavu wa madini haya una vumbi linalodhuru mapafu. Vaa barakoa, na sakafu uipige deki badala ya kuifagia.

Chungu cha kupikia juu ya kuni hakihitaji boli klei hata kidogo. Hicho kinataka udongo wetu wenye mchanga, unaostahimili moto wa ghafla. Katika glezi, ile inayokipa chombo mng'ao, boli klei sehemu 10 hivi katika 100 zinatosha. Mimi huzitia kila mara, kwa sababu bila udongo unga wote hutuama chini ya ndoo ukagandamana, na kuukoroga upya ni kazi ya asubuhi nzima.