Dada wa Dunga, usiburute hiyo fomula ya TEXT, soma hii kwanza

Simama hapo hapo. Kwa wanaoingia sasa: dada ana faili la Excel la omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, zinazotua ufuo wa Dunga, Kisumu, karibu mwaka mzima, kolamu ya tarehe, kolamu ya saa, kolamu ya kilo, anataka chini ya chati isomeke "Jan, Feb, Mar" badala ya tarehe ndefu zinazopandana, anauliza pia kama chati moja inaweza kubeba tarehe na saa, halafu mtu hapo juu akamwambia atengeneze kolamu mpya ya =TEXT(A2,"mmm") achore na hiyo, na watu wakamgongea like kibao. Hizo like zimenikasirisha kuliko hata hilo jibu.

Tarehe lazima ibaki tarehe mpaka inafika kwa chati. Ukitaka sura nyingine ibadilishe kwa chati, si kwa data. Fomati ni shati tu, mtu anabadilisha shati bila kukatwa mkono. Ukitumia TEXT umeshakata, imebaki herufi, na kompyuta haijui tena kwamba Apr inafuata Mar. Ukiipeleka Power BI, ile programu ya kuchora dashibodi, na umesema mwenyewe utaipeleka, itakupangia kwa alfabeti: Apr, Aug, Dec, Feb, Jan, mwaka wako unaanza Aprili unaishia Septemba. Na ukiongeza data ya mwaka unaofuata, Januari zote mbili zinamwagwa nguzo moja.

Tena wewe wa omena ndiyo utaumia zaidi, kwa sababu uvuvi wa omena hufungwa Aprili mpaka Julai. Kwa mhimili wa tarehe, yaani ule mstari wa chini wa chati, hiyo miezi inakaa na nafasi yake, iko tupu, mtu yeyote anaona ziwa lilifungwa. Kwa mhimili wa maandishi hakuna kitu kama nafasi tupu, Machi inasimama bega kwa bega na Agosti, na bosi wako akiangalia anafikiri ni mwezi mmoja tu umepita na kilo zimeruka hivyo.

Lakini hiyo bado ni ndogo. Kilichonifanya nikae hapa usiku huu kuandika ni ile sentensi yako ya mwisho, ile umesema "tarehe zingine zimekaa kushoto zingine kulia lakini hiyo si shida nitazinyoosha". Dada yangu, usizinyooshe! Hiyo ndiyo shida yenyewe, hiyo ya TEXT ni mgeni tu.

Excel ikielewa tarehe inaisukuma kulia kwa sababu kwake hiyo ni namba, inahesabu siku kutoka mwanzo wa 1900, kwa mfano tarehe 1 Januari 2024 ndani yake ni 45292. Isipoelewa inaiacha kushoto kama neno. Sasa laptopu nyingi huku kwetu zinakuja zimewekwa English (United States), na Marekani wanatanguliza mwezi, sisi tunatanguliza siku. Karani akiandika 13/08/2024 kompyuta inatafuta mwezi wa 13, inaukosa, inaacha kama neno, kushoto. Akiandika 03/08/2024, yaani tarehe 3 Agosti, kompyuta inafurahi, inasema hii ni Machi 8, inaiweka kulia vizuri kabisa. Kwa hivyo hizo za kulia, ambazo wewe unaona ndizo nzuri, ndizo zenye uongo. Hizo za kushoto zimekataa tu kudanganya.

Hii kitu nimeiona ikila mtu. Kulikuwa na ushirika mmoja wa maziwa Kaunti ya Nakuru, jina naliacha, kila mkulima kila asubuhi ni laini moja: tarehe, ruti, kilo. Tukaletewa mkufunzi wa dashibodi, hoteli, projekta, beji shingoni, chai ya saa nne. Huyo mtu hakuuliza hata mara moja laptopu zetu zimewekwa nchi gani. Tukaingiza CSV, lile faili la maandishi matupu, kwa Power BI. Power BI kwa kawaida hukisia aina ya kolamu kwa kuangalia laini 200 za kwanza tu, na kwa ushirika laini 200 za kwanza ni wakulima wa tarehe 1 na 2 Januari, wote wanaonekana sawa, ikaamua hii ni tarehe. Ilipofika 13/01 ikaanza kutoa Error. Error juu ya Error. Tukamuita mkufunzi. Akasema, na haya maneno sitayasahau, "hizo ni data chafu, bonyeza Remove Errors, mnabaki na data safi."

Nikabonyeza. Safi!

Hebu hesabu alichotufutisha. Mwezi wa siku 30, kuanzia tarehe 13 hadi 30 ni siku 18. Siku kama 18 za maziwa ya watu, kila mwezi, zimeenda na hakuna kitu kililia. Na zile 12 zilizobaki zikatawanywa: 1 Aprili ikawa Januari 4, 2 Aprili ikawa Februari 4, hivyo hivyo mpaka 12 Aprili ikawa Desemba 4. Iliyobaki mahali pake ni ile ya 4 Aprili peke yake. Na si Aprili tu, kila mwezi ulifanyiwa hivyo. Kwa hivyo "Januari" ya kwenye chati ilikuwa ni tarehe moja moja za miezi yote sita, Januari mpaka Juni, zimekorogwa pamoja. "Februari" ni tarehe mbili mbili za miezi hiyo hiyo. Tulikuwa tumechora wastani wa kilo kwa siku, si jumla, na tumefilta nusu ya kwanza ya mwaka, basi nguzo zote sita zikatoka urefu mmoja, zimenyooka kama zimekatwa na msumeno.

Sasa mtu yeyote wa Molo au Njoro atakwambia mvua za masika zikishika majani yanajaa na maziwa yanapanda. Daftari la karani wa ruti moja lilionyesha hivyo, Aprili na Mei kilo zimepanda. Chati ikasema hapana, hakuna kilichopanda. Kamati ikaamini nani? Ikaamini projekta. Karani akaambiwa anaandika kilo hewa, akasimamishwa, mzee wa watu ana familia, anapita sokoni watu wanamnong'onea. Kwa sababu ya fomati ya tarehe, jamani.

Aliyemwokoa si mkufunzi, huyo alishaenda na bahasha yake. Ni siku mtu alitoa ile filta ya miezi sita chati ikajichora upya mpaka Desemba, na tulikuwa Julai. Hakuna ng'ombe amewahi kukamuliwa Desemba na bado tuko Julai. Tukafungua faili la asili kwa Notepad, tukaona tarehe kama karani alivyoziandika, tukaingiza upya, masika ikasimama pale juu mahali pake. Karani akarudishwa. Kuombwa msamaha sikuona.

Kwa hivyo wewe usiku huu usichore kitu. Fanya hivi: chagua kolamu ya tarehe yote, igeuze fomati kuwa Number. Zitakazogeuka 45 elfu na kitu ni tarehe, zitakazobaki 13/08/2024 ni maneno. Halafu tafuta kubwa kuliko zote kwa =MAX(A:A), irudishie fomati ya tarehe, kama inasoma siku ambayo haijafika umeshajua. Angalia pia kama kati ya zile za kulia kuna hata moja yenye siku zaidi ya 12 ukiisoma Kimarekani hivyo hivyo, mwezi mbele. Kama hakuna hata moja, hapo hakuna mjadala, zimegeuzwa.

Na tafadhali usidanganywe kwamba ukibadilisha fomati iwe dd/mm/yyyy imepona. Haijapona! Namba ya ndani ni ile ile ya Machi 8, umeivalisha tu vingine. Hata ukienda Google Sheets kwa File, Settings, Locale ukaweka United Kingdom baada ya data kuingia, zile zilizoshageuzwa zinabaki zimegeuzwa. Nchi inawekwa kwanza, data inafuata.

Kama unalo faili la CSV la asili ambalo halijaguswa, ingiza upya, kwa Power BI tumia Change Type halafu Using Locale, chagua Date na English (United Kingdom). Kwa Excel usilifungue kwa kubonyeza mara mbili, na ole wako uisevu ikiwa hivyo, asili yenyewe inaandikwa juu na huna pa kurudi. Pitia Data, From Text/CSV, halafu Transform Data, na huko ndani utumie Using Locale ile ile. Lakini nahisi zako karani alichapa moja kwa moja ndani ya Excel, kwa hivyo asili ni kaunta buku. Basi kama zote zimechapwa kwa laptopu ile ile moja, na zote kwa mtindo wa 03/08/2024 na sifuri zake, kolamu mpya weka hii:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Zile za kulia inazibadilishana siku na mwezi, zile za kushoto inazisoma upya kutoka kwa herufi. Kama laptopu zilikuwa mbili, usiitumie kwa zote, utaharibu zile nzima. Halafu chukua kaunta buku, fungua kurasa chache, linganisha kwa macho. Kuanzia kesho mwambie karani aandike 2024-08-03, mwaka, mwezi, siku. Huo ni mpangilio wa ISO 8601, karibu kila programu inauelewa vile vile iwe Kisumu iwe Chicago.

Na saa. Hapa ndipo watu wa omena mnanitia wasiwasi kweli kwa sababu kazi yenu ni ya usiku. Mvuvi akisema ametua saa tisa, ni saa tisa ya usiku, yaani 03:00. Karani kijana ataandika 3:00, karani mzee ataandika 9:00 kama alivyosikia, na Excel haiulizi, 9:00 inaiweka saa tatu asubuhi jua limewaka. Chati yako itaonyesha boti zinatua vikundi viwili na utaandika ripoti nzima kuhusu wavuvi wa asubuhi ambao hawapo. Kubalianeni moja: kitabuni inaandikwa 03:00, saa 24, basi.

Yule aliyekushauri uhamie fomu za simu hajakosea, ila seva nyingi zinaweka muda wa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele. Boti iliyotua saa nane usiku tarehe 1 Agosti, siku ziwa limefunguliwa, kwa seva inasoma 23:00 tarehe 31 Julai. Umeona umemfanya nini huyo mvuvi? Umemuweka ndani ya kipindi cha kufungwa kwa karatasi yako mwenyewe. Ongeza =A2+3/24 kabla ya kupanga kwa siku. Kenya hatuchezi na saa kubadilisha mara mbili kwa mwaka, ni tatu tu siku zote.

Ile Jan, Feb uliyotaka, data ikishakuwa sawa: bonyeza kulia kwa mhimili wa chini, Format Axis, Axis Type chagua Date axis, Major weka 1 Months, shuka kwa Number uandike mmm yyyy. Imeisha. Usitoe mwaka. Kama unataka na saa ndani, Date axis haitakufaa kwa sababu inaishia kwa siku, tumia chati ya Scatter na kolamu moja ya tarehe ukijumlisha saa, fomati dd mmm hh:mm.

Fanya hiyo ya =MAX sasa hivi na uandike hapa inasoma tarehe gani. Sijalala.